Shajara ya mradi: "kusanya" na ndugu zake wote

Siku ya 1, usiku

Naanza kuandika hii shajara kwa sababu najijua, nikianza kitu bila kukiandika basi wiki ya pili nishasahau nilikuwa nataka nini. Mradi ni huu: natengeneza faili la visawe vya Kiswahili, ila si visawe vyote, ntakufa, ni kundi moja tu kwanza, vitenzi vya kukusanya vitu. Lengo ni vitenzi 40, na kila kimoja kiwe na sentensi ambayo kweli nimeisikia kwenye mdomo wa mtu, sio zile za kutunga za "Juma anakusanya maembe".

Ilianzaje sasa. Mimi natafsiri, ndo kazi inayonilisha. Mwezi uliopita nilipeleka tafsiri ya kijitabu cha kilimo, kurasa 12, kwa wateja ambao siwataji, na kabla hakijachapwa wakampa mzee mmoja, bwana shamba mstaafu, akipitie. Mzee hakusahihisha chochote. Aliandika swali moja tu kwa kalamu nyekundu ukurasa wa mwisho: "Hawa wakulima wako wote ni makarani wa kodi?"

Sikuelewa. Nikafungua faili, nikatafuta "kusanya", likaja mara 31. Wanakusanya mahindi, wanakusanya asali, wanakusanya maji ya mvua, wanakusanya kuni, wanakusanya mboga, wanakusanya michango. Aisee niliona aibu, ile aibu ya kukaa peke yako chumbani halafu masikio yanapata moto, maana hapo hakuna hata moja ambayo mama yangu angeitamka hivyo, labda ya michango, na hiyo nayo tutaiona.

Siku ya 2

Leo sijagusa kamusi makusudi. Nimekaa na daftari nikaandika vya kichwani: okota, chuma, vuna, zoa, chota, teka, changa, changisha, rundika, somba, limbika, dunduliza, rina, gema, angua, popoa, tungua, kinga, komba, dondoa, jumuika, kutana, kongamana, senya. Hivyo ni 24 bila jasho. Halafu nikakwama. Na ajabu ni kwamba kila nilipokwama kilichonikwamua ni kitu, sio neno, yani nikiwaza mnazi ndo linakuja "angua", nikiwaza mzinga ndo linakuja "rina". Sijui kama hiyo ina maana yoyote, naiweka tu hapa.

Siku ya 4, jedwali la kwanza limekufa

Nilichora jedwali la safu tatu: kitenzi, maana, mfano. Kwenye maana nikajikuta naandika kuchuma ni kukusanya matunda, kurina ni kukusanya asali, kugema ni kukusanya tembo, ile pombe ya mnazi, kuteka ni kukusanya maji, kusenya ni kukusanya kuni... nimefika mstari wa kumi nikacheka mwenyewe. Kosa lile lile la kijitabu, safari hii limepangwa vizuri zaidi.

Na baadhi ni uongo mtupu. Mgema hakusanyi kitu. Mgema anapanda, anakata ncha ya karara la mnazi, lile ua ambalo halijafunguka, ananing'iniza kibuyu chake, anashuka zake, tembo linadondoka lenyewe tone kwa tone usiku kucha, asubuhi anapanda tena kuteremsha. Kazi yote ya kugema iko kwenye kisu. Ulanzi kule Iringa na Njombe nao wanagema, kwenye mianzi, na mpira nao unagemwa, utomvu sio pombe kabisa lakini kisu ni kile kile. Sa ukisema "anakusanya tembo" umemnyang'anya mtu kisu chake ukampa ndoo.

Nimefuta safu ya maana yote. Kesho nasafiri.

Siku ya 6, Muheza

Niko kwa shangazi. Msimu wa machungwa umeanza, uani kuna mafungu matatu chini ya mwembe na harufu yake unaipata toka barabarani. Nimefika nikaamkia, "Shikamoo shangazi", "Marahaba baba, umekonda", chai na mihogo, halafu nikamwambia nimekuja na kazi. Akauliza kazi gani, nikasema kazi ya maneno. Akaniangalia kama mtu anayemwonea mwenzie huruma.

Nikamuuliza kwa ujanja, nikaonyesha yale mafungu: shangazi, haya yote mmeyakusanya leo?

Hakunijibu. Aliinama akachukua chungwa fungu la kwanza, akaligeuza juu, akanionyesha pale kwenye kitovu. Kuna kikonyo kimebaki, kifupi, cha kijani, kimekatwa safi. "Hili limechumwa." Akachukua la fungu la pili. Pale pale pana shimo dogo jeupe, ganda limechanika kidogo kuzunguka. "Hili limenyofolewa, hawa watoto nimewaambia watumie mkasi wanavuta kwa mkono, hili siku nne tu linaoza kuanzia hapa." La tatu hakuligeuza hata, alilibonyeza ubavuni kwa kidole gumba, kidole kikazama. "Hili limeokotwa."

Nikamwambia lakini si yote yamekusanywa. Akacheka kabisa.

"Yatakusanywa kesho, lori likija."

Jamani. Nilikaa kimya kama dakika nzima. Sitamwambia kwamba kamaliza kazi yangu ya wiki kwa sentensi moja kwa sababu ataniuliza kwa hiyo nalipwa kwa lipi.

Siku ya 6, usiku, bado Muheza, umeme umekatika naandikia kwenye simu

Ngoja niipange kabla haijapotea. Kusanya sio mama wa hivi vitenzi, ndo kosa langu lilipoanzia. Kusanya ni kitenzi cha pili, cha baadaye. Kwanza kitu kinatoka kwake: kwenye tawi kinachumwa, chini kinaokotwa, kisimani kinatekwa, mzingani kinarinwa. Hapo ndo mkono ulipo. Halafu vikishatoka kila kimoja kwake, ndo mtu anapita na lori au daftari au gunia anavileta mahali pamoja, na huyo ndo anakusanya. Kwa hiyo kuchuma na wenzie vinaangalia kitu kilikotoka, kusanya kinaangalia kinakokwenda. Mzee wa kalamu nyekundu aliliona hilo, karani wa kodi hachumi kitu, karani anapitia waliochuma.

Ndo maana vitu vinavyokaa vizuri na kusanya bila kelele ni kama kodi, madeni, saini, ushahidi, takwimu, maoni ya wananchi. Vyote viko kwa watu wengi tofauti, na kuna mtu mmoja anavipitia na orodha.

Nimepata na nyongeza za miti kutoka kwa mjomba. Nazi inaanguliwa, na anayeangua ni mkwezi, ukisema "kuchuma nazi" watu watakuelewa ila watajua umekuja juzi. Embe la mbali linapopolewa, kwa jiwe au gongo. Kutungua ni kuteremsha kitu kinachoning'inia juu, na saivi magazeti yamelichukua hilo moja kwa moja, ndege za kivita zinatunguliwa kama maembe. Ukiwa na upembo, ule mti wenye ndoano, unavuta tawi likufuate. Ukivunja tawi zima na majani yake umelikwanyua, na ukikwanyua kwenye shamba la mtu jiandae kukimbia.

Kuhusu kukimbia, nilimuuliza shangazi nani anaruhusiwa kuokota haya ya chini, akasema kwake yeye ya chini anaokota yeyote anayepita, ya juu ukichuma umeiba. Yani sheria nzima ya shamba lake iko kwenye vitenzi viwili. Na ukiangalia, okota popote inapokwenda inabeba hiyo habari ya kutokuwa na mwenyewe: mtoto wa kuokota, pesa ya kuokota, konda anaokota abiria njiani wasio wa kituo chochote, habari za kuokoteza ambazo hazina aliyezisema. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Hawakusema huenda akachuma, maana kuchuma huendi bure, unaenda na mti wako kichwani. Na ule msemo wa kuokota dodo chini ya mnazi, raha yake yote ni kwamba dodo halina hata mti wake pale.

Siku ya 7

Lori limechelewa. Nimesaidia kupanga machungwa nimeumwa mgongo. Shangazi amenifafanulia "kusenya": kuni kavu zilizoanguka zenyewe unasenya, mti uliosimama unakata, gogo ukifika nalo nyumbani unachanja. Akasema "ukisenya unapita, ukikata unakamatwa". Nimerudi Dar basi la saa nane.

Siku ya 9, mchele

Hii ni ya nyumbani. Mtoto kamwaga mchele jikoni, kama kilo hivi, sakafu ilikuwa haijafagiwa. Mi nikachukua ufagio na kizoleo nikaanza, mke wangu akapiga kelele toka mlangoni, "Usizoe! Okota!" Nikasimama na ufagio mkononi, nikamwambia rudia. Akarudia kwa hasira zaidi. Nikaenda kuandika, mchele nimeuacha pale, kwa hiyo leo sijala mapema.

Lakini angalieni. Mchele ule ule, sakafu ile ile, wote uko chini, kwa hiyo nadharia yangu ya kitu kilikotoka haitoshi hapo. Tofauti ni mkono unachagua au hauchagui. Kuzoa ni kubeba vyote na takataka zake kwa mkupuo, ndo maana tunazoa taka, na mwanasiasa anazoa kura, na timu inazoa medali, hakuna anayehesabu mojamoja. Kuokota unainama kwa kila kimoja au kila kiganja. Kudondoa ni kidogo zaidi ya hapo, punje kwa punje, kama kuku vile ila bila mdomo, na ndo tukapata dondoo, vile vipande unavyovitoa kwenye maandishi marefu. Alichotaka mke wangu kwa kweli ni niokote wa juu juu uliobaki msafi, wa chini uliogusa vumbi niuzoe niwape kuku wa jirani. Vitenzi viwili kwenye lundo moja la mchele.

Na maji yakimwagika hayazoleki. Nimekua nasikia hiyo methali nikidhani ni majuto tu, kumbe kuna fizikia ndani, maji ni kitu ambacho hata ukikubali kuchukua na uchafu wake bado hakikubali kuzolewa.

Nimeongeza safu mpya: mojamoja au kwa mkupuo.

Siku ya 10

Programu ya kutafutia maneno imenitesa. Nataka mifano ya kitenzi chuma kwenye rundo langu la makala, inaniletea chuma cha reli, chuma chakavu, mtu wa chuma, kunyanyua vyuma. Nimepata sentensi moja ya vijana "wanaookota vyuma ili wachume chochote" na nimeikubali hapo hapo, inaingia kwenye faili kama ilivyo.

Siku ya 12, maji

Nilidhani maji yatakuwa rahisi. Nimeongea na mama mmoja wa mtaani kwetu ambaye kabla ya bomba kufika alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kwenda kisimani, nikamwomba tu anisimulie, sikumuuliza maneno.

Kisimani anateka. Pipani nyumbani, akitaka kikombe, anachota. Kwa hiyo kuteka ni kuyatoa maji kwao, na kuchota ni kuchukua sehemu kutoka kwenye kingi kilichopo, hata unga unachotwa, hata mchanga. Na humo ndimo ulimopita wizi, maana mtu akila fedha za umma tunasema amechota, kwa maana mfuko upo, umejaa, yeye ameingiza kikombe. Kuteka nako kumepata njia yake ya giza, majambazi wanateka basi, jeshi linateka mji, hapo sina maelezo ya kutosha naacha.

Akitoka kisimani na ndoo sita kwa safari sita, anasomba. Kusomba ni kwenda na kurudi, mchanga unasombwa, matofali yanasombwa, na mafuriko yanasomba nyumba ila hayo hayarudi.

Kiangazi kisima kikikauka, anakaa pembeni na kata yake ya kutekea maji. Maji yanachuja taratibu toka pembeni ya udongo, anayaacha yafike kiasi, anateka, anakaa tena. Hiyo kukaa ndo kulimbika. Nimependa sana hili neno, ni kukusanya ambako kazi yako ni kusubiri tu. Na mtumishi yeyote Tanzania analijua hata kama hajawahi kuona kisima, malimbikizo ya mishahara, yani fedha inayokaa inachuja huko iliko na wewe umekaa pembeni na kata. Ila hapa kuna mtego, limbika sio limbuka. Kulimbuka ni kuonja mavuno ya kwanza ya msimu, na limbuko ndo hayo ya kwanza yenyewe. Herufi moja, mmoja anangoja, mwingine kashakula.

Mvua ikinyesha, anaweka ndoo chini ya mabati, anakinga. Hapa ndo palinichoma kwa sababu kwenye kijitabu kwanza nilikuwa nimeandika "kukusanya maji ya mvua", na lugha ya maofisini inasema "kuvuna maji ya mvua", uvunaji huo umeshaingia kwenye semina na mabango na sasa watu wanausema. Mama alipousikia toka kwangu akauliza, "Unavuna ulipanda nini?" Bado najiuliza. Nimeamua hivi: tangi kubwa, mifereji kwenye paa, mpango wa shule nzima, naacha kuvuna, neno lishafika. Ndoo chini ya bati ni kukinga na sitabadili.

Siku ya 13

Voisi kutoka kwa rafiki yangu wa Wete, Pemba, dakika saba, nyingine ni kuku na watoto. Nilimuuliza karafuu. Anasema karafuu huchumwa, na huchumwa kikonyo kizima na mkono unaoona, zingali hazijafunguka, maana ikishachanua thamani yake imeondoka. Chini wanachambua, karafuu huku, makonyo kule, ndo zianikwe. Zile zilizodondoka chini ya mikarafuu ni mpeta, na mpeta unaokotwa, si kazi ya mchumaji, ni ya wanaopita baadaye. Nikamuuliza sasa nani anakusanya, akacheka kama shangazi, akasema kule kituoni kunakonunuliwa. Karafuu Zanzibar inanunuliwa na shirika la serikali peke yake, kwa hiyo kweli, wachumaji maelfu, mkusanyaji mmoja.

Sikumwambia kwamba shangazi yangu kasema hivyo hivyo. Nimefurahi kimyakimya.

Siku ya 15, hela

Grupu la harusi ya binamu. Kamati imeanza kukumbusha ahadi, kila asubuhi ujumbe na maua. Nimelisoma grupu lote tangu mwanzo kwa ajili ya mradi, mke wangu anadhani nahesabu walionipita.

Kuchanga ni kutoa chako. Kuchangisha ni kuwafanya wengine watoe. Kukusanya ni kuzishika. Ni watu watatu tofauti, na kwenye grupu letu mambo yaliharibika pale mwenyekiti aliposema "nimekusanya laki nane" na mweka hazina akajibu "umechangisha, mimi ndo nimekusanya", kwa sababu aliyekusanya ndo anayeulizwa risiti. Watu wakadhani wanagombana kwa kiburi. Kwa upande wangu mweka hazina alikuwa sahihi kabisa kisarufi, ila sikuandika hivyo kwenye grupu, bado nadaiwa nusu ya ahadi.

Kuna changa nimeshindwa kuipangia safu. Hela inatoka kwako na inafika kwenye chungu kwa tendo moja, kutoka na kufika vimeungana. Naiwekea nyota.

Kudunduliza nako ni kuchanga kwa mtu mmoja, unajichangia mwenyewe, mia tano leo, mia mbili kesho, kwenye kopo. Kulimbikiza ni hivyo hivyo ila kunanuka kidogo, mtu anayelimbikiza mali tunamwangalia vibaya, anayedunduliza tunamhurumia. Kukomba ni kinyume chake, ni kile kitendo cha mwisho kwenye sufuria, kidole kinazunguka mpaka chini, na mtoto akishakomba hela ya kopo usiulize ilikuwa ngapi.

Halafu chuma imerudi tena. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kifungu cha 114 kinahusu mgawanyo wa mali ambazo mume na mke wamezipata kwa nguvu zao pamoja, na mtaani na mahakamani tunaziita mali zilizochumwa pamoja. Hakuna anayesema mali zilizokusanywa pamoja. Kuzikusanya angeweza hata mmoja akiwa amekaa, kuchuma lazima mkono wako uwe uligusa tawi, na kwenye kesi swali ndo hilo hilo, mkono wa nani uligusa. Mahakama ya Rufani mwaka 1983 ilishasema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Angalia na hapo, mchango, changa imeingia tena.

Mchumia juani hulia kivulini. Nikiri hadharani, mpaka darasa la sita nilidhani huyo mtu analia machozi. Nilikuwa namwonea huruma, kafanya kazi juani siku nzima halafu anakaa kivulini analia. Mwalimu alipoeleza kwamba hulia ni anakula, anakulia hapo kivulini, nilihisi kama nimedanganywa.

Siku ya 16

Sijafanya kitu. Luku ya umeme iliisha.

Siku ya 18, watu

Nilikuwa nakwepa watu kwa sababu watu hawatoki kwenye tawi. Kukutana hata wawili wanatosha na inaweza kuwa bahati tu. Kukusanyika lazima wawe wengi na kuna kitu kimewaita, ngoma au ajali au mgeni rasmi. Kujumuika ni kukusanyika na moyo upo, msiba unajumuika nao, huwezi kujumuika na foleni ya benki. Kongamano lina beji shingoni na maji ya chupa. Kusongamana na kurundikana ni malalamiko tayari, hakuna mtu aliyewahi kurundikana akafurahi.

Kidogo nje ya mada ila imenifurahisha: jamaa, jamii, Ijumaa, jumuiya, vyote ni mzizi mmoja wa Kiarabu wa kukusanya, kwa hiyo kila wiki tuna siku nzima inayoitwa kukusanyika na hatusikii tena. Jumla nilidhani nayo ni ndugu, kumbe mzizi wake mwingine, nimeitoa.

Mwenzangu mtafsiri wa Nairobi ananiambia kwao kuchuma kwanza ni majani chai, Kericho huko, na michango kwao ni harambee, neno la kuvutia mzigo kwa pamoja ambalo lipo kwenye ngao ya taifa lao. Mwingine wa Lubumbashi akasema wao hawaokoti, wanalokota. Hiyo "l" imenipa raha, kama kumwona babu kwenye picha ya zamani na kumbe pua ni yako.

Siku ya 20

Nimeandika upya kijitabu chote bila kulipwa. Kusanya zimebaki 4: takwimu za mvua, ada ya chama, maziwa ya wafugaji yanayokwenda kituoni, na maoni. Mahindi yanavunwa kama shamba, yanagobolewa kama muhindi mmoja kwenye bua, yanapukuchuliwa kama punje. Mchicha nimeutenganisha, wa kuchuma na wa kung'oa, maana wa kuchuma unachipua tena na kijitabu kinahusu kipato. Nimempelekea yule mzee moja kwa moja.

Siku ya 22

Mzee kajibu. Hakuna pongezi. Kazungushia "kuvuna asali" ukurasa wa 9, imenipita hiyo, na pembeni kaandika "Tabora wanarina". Sawa mzee. Nimerekebisha.

Faili lina vitenzi 43, changa bado ina nyota, na safu ya maana sijairudisha, badala yake kuna safu ya "kilikuwa wapi kabla ya mkono".

Shangazi kapiga jioni. Lori lilikuja mara ya pili, wamekusanya fungu la kuchumwa lote, bei sio mbaya, ila yale ya kunyofolewa dereva kayageuza mawili matatu akaona shimo akayakataa yote. Yako pale pale chini ya mwembe na nyuki wameanza kuja. Kasema kwa kuwa mimi ndo mtu wa maneno niende Jumamosi na gunia, nikayazoe.